Programu iligoma kuingia kwenye chip, mayai ya shangazi yakisubiri joto

Wakuu, salamu kutoka Ilongero. Haya yamenikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Shangazi yangu anatotolesha kuku wa kienyeji kwa mashine. Juzi kifaa cha kuongoza joto kiliungua, mayai yakiwa yamebakiza siku chache tu. Akayatoa, akayafunika blanketi na chupa za maji ya moto, akanipigia.

"Baba, ukichelewa hawa vifaranga wanafia ndani."

Nilikuwa na chip ya akiba, ndogo. Nikaandika programu upya. Linker, ile inayounganisha vipande vya programu, ikakataa: imezidi nafasi ya chip. Code yenyewe fupi!

Kumbe shida ni array, yaani orodha ya namba, ya kuhifadhi vipimo vya joto. Shangazi haweki mayai kwenye mashine ikiwa bado baridi, lazima ipate moto kwanza, na ndivyo alivyonilea. Basi na mimi array nzima nikaijaza joto la mayai palepale nilipoitangaza, isianze baridi.

Data yenye thamani ya kuanzia inakaa sehemu ya programu iitwayo .data, kila namba inabebwa ndani ya faili. Usipoipa thamani inakaa sehemu nyingine, .bss. Hapo assembler, inayogeuza code kuwa lugha ya mashine, inaandika ukubwa tu, linker inaipangia anwani kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya chip, na programu ikiwaka inajaza sifuri. Ni kama kupiga simu uwekewe nafasi stoo, magunia hujabeba.

Nikafuta thamani. Ikaingia, na nafasi ikabaki.

Nikiwa karibu kuiwasha, nikashtuka. Programu huongoza heater kwa wastani wa vipimo vile, na wastani wa sifuri tupu ni sifuri. Mashine ingedhani kuna baridi kali, iwashe heater mpaka mayai yachemke. Nikaongeza loop, amri zinazojirudia: isome kipimajoto kwanza, ijaze array kwa joto hilo, ndipo iguse heater.

Nikaiwasha, na ilipopata moto shangazi akarudisha mayai. Sikuthubutu kumwangalia usoni.

Leo asubuhi kaniwekea yai sikioni.

"Sikia."

Ndani kitu kilikuwa kinadonoa. Machozi yalinitoka, sifichi.

Nilichojifunza: data kubwa iacheni .bss, ila jueni kwanza sifuri ina maana gani kwenye kazi yenu.

Wazoefu wa embedded, mnaoandika programu za ndani ya vifaa, nyie mngefanyaje? Nikosoeni tu. Nikichelewa kujibu mjue nipo bandani, ganda la kwanza limeshatoboka.