Kitumbua cha Kwanza ni cha Sitara

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Swaumu Abdulkadiri anageuza kitumbua cha kwanza kwa kijiti, anakiepua na kukiweka pembeni kwenye kisahani.

"Mama Sitara, nipe hicho hicho cha moto," anaomba Bakili, mbeba mizigo wa sokoni.

"Hicho kina mwenyewe. Subiri chako."

Ndivyo alivyofundishwa na mama yake: kitumbua cha kwanza hakiuzwi, ni cha mtoto wa nyumba. Lakini wiki chache zilizopita kisahani hicho kilikaa kitupu.

Yalianzia Ilala, kwenye chekechea anakosoma binti yake Sitara, ambako Swaumu hupeleka vitumbua vya saa nne. Mzazi mmoja alisimama kikaoni akasema vitumbua ni wanga na mafuta matupu, vinadumaza watoto. Mwalimu Severa akaomba visimame kwanza, mpaka muuguzi wa lishe aje.

"Biashara ni riziki, huenda ikarudi," anasema Swaumu. "Kilichoniuma ni mwanangu. Amekua kwa vitumbua hivi. Nikajiuliza, kumbe namharibu kwa mkono wangu mwenyewe?"

Kwa hofu akatoa sukari yote. Akatoa na tui la nazi, akasaga mchele kwa maji matupu. Masikini, unga ukalala bakulini kama umesusa.

"Nilimwambia, ukimrushia mtu kitumbua hiki utamtoa ngeu," anadakia Bakili. Swaumu anacheka sasa. Siku ile alilia.

Muuguzi Scholastika alipofika chekechea, Swaumu alikaa benchi la nyuma, mtandio umemfunika nusu ya uso.

"Kitumbua si sumu," muuguzi aliwaambia wazazi. "Kinampa mtoto nguvu ya kucheza. Upungufu wake ni protini. Akila chenyewe tu, kinamshibisha lakini hakimjengi. Punguzeni sukari, mafuta yakichakaa yamwagwe, na kitumbua kipewe cha kukisindikiza. Kwani mbaazi zimeenda wapi?"

Wazazi wakaangua kicheko. Mbaazi za nazi wamezila tangu utotoni, ila hakuna aliyekumbuka kuzipeleka shuleni.

"Nilishusha pumzi mpaka jirani yangu akanigeukia," anasema Swaumu. "Alhamdulillahi. Niliona kama nimerudishiwa mwanangu."

Leo tui limerudi, sukari imepungua, na sufuria ya mbaazi inatokota kando. Chekechea imeagiza vyote viwili. Sasa anapanga kununua jiko la pili, maana mbaazi hazina haraka na wateja wa Kariakoo wanayo.

Sitara anatokea na sare yake, begi mgongoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa ule."

Anamtilia mbaazi pembeni ya kitumbua. Mtoto anamega, anachovya, anakula. Swaumu anasimama akimtazama mpaka tonge la mwisho, ndipo anamkumbuka Bakili.

"Haya kaka'angu, chako hiki."