Bibi wa Kitenge cha Kijani

Binti yangu ana usonji, na salamu zilikuwa zinamshinda. Nikamchorea hadithi ya picha: mtoto anapiga goti, anapiga makofi taratibu kama tunavyosalimiana sisi Waha, na bibi mwenye kitenge cha kijani anatabasamu. Tuliirudia kila asubuhi mpaka ikanichosha.

Mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Kumsenga, tulimpokea stendi ya Kibondo. Binti akampita, akaenda kumpigia goti muuza ndizi tusiyemjua, aliyevaa kijani.

“Mjukuu wangu umemfundisha dharau,” mama mkwe akaniambia.

“Mama, amesalimia vilevile nilivyomchorea.”

Hakunielewa. Nilikasirika, nisijue nimkasirikie nani. Jioni nikachora upya, safari hii mabibi wengi, wenye vitenge vya kila rangi.