Wa Kumi Hahesabiwi

Enzi zetu, na ninyi mliokunywa maziwa ya Nyayo shuleni mtanielewa, ukungu wa Tetu ulikuwa unaingia jikoni bila kubisha hodi. Ulishuka kutoka mlimani alfajiri, ukapita juu ya mashamba ya chai, ukachanganyika na moshi wa kuni za Cucu hata usijue upi ni upi. Mpaka leo, nikifumba macho mchana hapa Nyeri mjini, harufu ile hunijia: moshi, majani mabichi, na viazi vitamu vinavyoiva chini ya jivu. Watoto wa siku hizi wakisikia baridi wanatafuta swichi. Sisi tulisogeleana, na mwenye kaptura iliyotoboka ndiye aliyekaa karibu zaidi na moto.

Cucu alikuwa mama yake Baba, na mimi ndimi niliyepewa jina lake, Muthoni, kama desturi yetu inavyotaka. Kwa sababu hiyo Baba hakuniita kwa jina. Aliniita mama, na akitaka maji ya kunywa alisema, "Mama, nisaidie," nami nikiwa bado sijafikia mpini wa mlango. Likizo ikifika, wajukuu wote walikusanywa kwake. Tuliteleza kwa magome ya migomba kutoka kwenye miti ya kahawa hadi karibu na mto, na nguo zetu kwa nyuma zilisimulia habari yote kabla hatujaulizwa. Asubuhi za Julai, umande ulipouma nyayo, tulimvizia ng'ombe anyanyuke ili tusimame pale alipolala. Kuna waliosubiri kinyesi chenye moto. Leo wana mashirika makubwa mijini na hawapendi kukumbushwa.

Tulikuwa wajukuu wengi, na Cucu alituhesabu kila jioni kabla ya kupakua githeri, mahindi na maharagwe yake. Alitumia mwiko kutuonyesha mmoja mmoja, akitaja namba, mpaka tisa. Hapo alinyamaza. Kisha aliweka mwiko chini, akanyoosha mkono, akamwekea kiganja kichwani aliyebaki. Aliyebaki nilikuwa mimi, kitinda mimba wa kundi lile. Kiganja chake kilikuwa kikavu, kilinukia kitunguu na moshi, na kilikaa kichwani muda wa kutosha kunitia usingizi. Wengi wenu mnaijua sababu. Watu wetu hawakuwahesabu watu hadi mwisho, kana kwamba ni kabeji, kwa kuwa hesabu iliyotimia ni kama kumwita mwenye kuja kupunguza. Hata mabinti wa Mumbi, mama yetu wa kwanza, walikuwa kumi, lakini mpaka kesho tunasema walikuwa kenda muiyuru, tisa iliyojaa. Wa kumi hahesabiwi. Nyumbani kwetu aliguswa.

Basi siku moja akaja karani wa kuhesabu watu. Alikuwa kijana mwenye koti la mvua na mkoba wa turubai, na Cucu alimkaribisha uji kabla hajajieleza, kwa kuwa kwake mgeni alikunywa kwanza kisha akasema shida. Karani akauliza ni watoto wangapi waliolala pale usiku ule. Cucu akamwambia aandike tisa. Kijana akatutazama, midomo ikimchezacheza, akaona tuko kumi, akauliza tena. Cucu akarudia tisa, na safari hii akaongeza kwamba imejaa. Sijui kijana yule alitoka wapi, lakini uji ulikuwa mtamu na nyumba zilizobaki zilikuwa nyingi. Aliandika tisa, akachora alama ya chaki mlangoni, akaenda zake.

Nililia siku nzima. Nilijua kabisa ni nani ambaye serikali haikumwandika. Binamu zangu waliniambia sasa mimi si Mkenya na nitarudishwa, ingawa hawakusema wapi. Jioni Cucu alinivuta kwenye mapaja yake akaniambia neno ambalo sikulielewa mpaka mvi ziliponitoka.

"Hao tisa wamehesabiwa. Wewe ndiye unawajaza. Bila wewe wangekuwa tisa tu."

Mambo ya kurudishwa hayakuanzia hapo. Jina la baba yangu ni Mutua. Sasa mtafute Mutua wa Tetu, mwenye ng'ombe wa maziwa na miti ya kahawa, anayeongea Kikuyu cha ndani kabisa. Kila mtu alijua jina hilo ni la Ukambani. Shuleni, mwalimu aliposoma "Muthoni Mutua" alinyanyua macho akaniuliza tulihama lini Machakos, na darasa zima likaangua kicheko. Wakati wa mapumziko waliniletea vipande vya mti niwachongee twiga, kama wachongaji wa Ukambani. Hata Baba, alipopeleka viazi soko la Karatina, madalali walimsalimia kwa Kikamba, naye aliwajibu kwa Kikuyu bila kukasirika. Alikuwa amezoea tangu utoto wake.

Habari ya jina hilo alitupa Cucu mwenyewe, kwenye giza la jikoni, nusu yetu tukiwa tumeshasinzia. Alisema kwamba kabla ya reli kufika huku kwetu kulikuwa na njaa kubwa kule kusini, na watu walipanda huku milimani kutafuta chakula. Wengi hawakufika. Siku moja mzee aliyeitwa Ndirangu aliteremka shambani kwake kando ya mto akamkuta mvulana peke yake anatafuna nduma mbichi. Ninyi mnaijua nduma mbichi inavyowasha. Midomo ya mtoto ilikuwa imevimba asiweze kusema, na bado alikuwa anatafuna. Ndirangu alimbeba mgongoni. Nyumbani alichinjiwa mbuzi, akavishwa ukanda wa ngozi mkononi, na kwa desturi ya watu wetu hapo akawa amezaliwa upya, amezaliwa kwa mbuzi, mtoto sawa na wale aliowakuta. Midomo ilipopona walimuuliza jina, akasema Mutua. Hawakumnyang'anya. Alipokua na kuoa, mwanawe wa kwanza alimwita Ndirangu, kwa maana mwana wa kwanza hupewa jina la babu yake. Huyo Ndirangu mdogo ndiye aliyekuwa mume wa Cucu, na mwanawe wa kwanza ndiye baba yangu. Mutua, Ndirangu, Mutua. Katika nyumba yetu nduma iliyoiva vizuri ilianzia kwenye sahani ya Baba, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Habari kama hizo tulizimeza pamoja na githeri, tukadhani zitakaa tumboni milele.

Mwaka jana ukoo uliamua kusimamisha ubao mkubwa penye boma la zamani la mzee Ndirangu, wenye majina ya watoto wake wote na vizazi vyao. Mwenyekiti wa kamati ni Kiragu, mjukuu wa mmoja wa watoto hao, mtu wa umri wa Baba, aliyefundisha maisha yake yote na bado anaongea kama chaki iko mkononi. Kazi ya kutafuta kumbukumbu alipewa Shiru, binti wa kaka yangu. Shiru ni msichana wa Nairobi, ana bidii na ana adabu, ila anaamini kitu ambacho hakiko kwenye simu bado hakijatokea. Simlaumu, alisafiri kweli. Alipekua vitabu vya kodi ya nyumba, ambavyo vilimtaja mwenye nyumba bila kuwajali watoto. Alipekua majedwali ya sensa za zamani akakuta idadi bila majina. Kwenye kitabu cha ubatizo alimpata Mutua akiwa mtu mzima. Nafasi ya jina la baba ilikuwa wazi, na pembeni mtu ameandika: ametoka kusini.

Kwa hiyo ubao ulichorwa na matawi tisa yenye namba. Chini kabisa, kwenye kisanduku cha peke yake, kilichoungwa na mstari wa nukta nukta, pakaandikwa: Mutua, kutoka kusini. Nilipompigia Kiragu, alinijibu kwa upole kwamba kumbukumbu ni kumbukumbu. Nilimtajia jina la babu yangu, Ndirangu, akasema jina hata rafiki hupewa kwa shukrani.

Kisha Baba akaonyeshwa picha ya ubao huo. Siku zile zote aliacha kwenda kutazama ng'ombe wake, akawa anakaa nje amevaa kofia, ameelekea mahali alipozikwa baba yake, ambapo yeye mwenyewe ameshachagua nafasi. Nilimwambia ni ubao tu, rangi na misumari.

"Mama," akaniambia, "mimi niko hapa tangu nizaliwe. Ati leo hii mbao inaniambia nilikuwa napita njia."

Nilikasirika, na nilihuzunika zaidi ya nilivyokasirika. Wiki ile nilimpeleka kwa Kiragu kabla mchoraji hajamaliza rangi. Shiru alikuwepo na mitambo yake. Nilimuuliza swali moja tu, aliwapata wapi hao tisa, maana vitabu havikuwa nao. Akasema aliwapata kwa mama yake Kiragu, aliyeolewa kwenye boma lile akiwa msichana, na ambaye alimrekodi kwa video muda mfupi kabla hajafariki. Kiragu akatazama dirishani. Alisema hajaitazama video hiyo tangu mazishi, alipokea majina tu.

Shiru aliiweka kwenye televisheni. Mama yule akatokea, mdogo ndani ya shali yake, akiwataja watoto wa Ndirangu mmoja mmoja na kukunja vidole. Alipofika tisa picha ikakatika. Nikauliza mbona imeishia hapo.

"Hapo ndio alimaliza, Tata. Iliyobaki ni kusalimia Guka tu, nikakata," alisema Shiru, ambaye mimi shangazi yake huniita Tata, na Baba, babu yake, humwita Guka.

Usingizi fulani wa zamani ulinishika. Nilikuwa kwenye kochi la Kiragu na nilikuwa jikoni kwa Cucu, mwiko umeshawekwa chini. Nilimwomba Shiru atafute ile iliyokatwa. Kwa bahati alikuwa nayo nzima kwenye kompyuta.

Mama yake Kiragu akataja wa tisa, akanyamaza. Pembeni yake, kwenye kigoda, alikuwa amekaa Baba, ambaye siku ile alikuwa amempelekea maziwa. Mama akageuka. Akamvua Baba kofia taratibu, akaiweka magotini mwake, akamwekea kiganja kichwani. Kilikaa. Baba kwenye picha aliinamisha shingo kidogo, bila kufikiri. Kisha mama akamrudishia kofia na kuuliza kama chai iko tayari.

Shiru alitutazama mmoja baada ya mwingine, na nadhani ndipo alipoanza kuelewa kwamba ameona kitu mbele ya macho yake na kukikata kwa mkasi. Nilimweleza habari ya wa kumi kwa maneno machache. Kiragu hakuhitaji kuelezwa.

"Mimi pia alinihesabu hivyo," alisema. "Mimi ndio nilikuwa wa mwisho kwake."

Akainuka, na kwa magoti yake yale kuinuka si kazi ndogo. Alizunguka meza akasimama nyuma ya Baba. Akamvua kofia. Wazee wawili, mmoja amekaa na mmoja amesimama, na mkono wa mwalimu ukatulia juu ya nywele nyeupe. Baba alilia bila kujificha uso, na mimi nilitoka nje nikalie kwenye migomba, kwa kuwa mtoto haangalii baba yake akilia.

Shiru alipouliza kama sasa aongeze namba kumi, wazee wote wawili walimkataza kwa pamoja. Ubao umesimama sasa. Una majina tisa yenye namba, na baada yake Mutua, kwa mstari mzima kama wengine, bila namba. Wageni hudhani mchoraji alisahau, na tunawaacha wadhani.

Siku hizi tunahesabiwa sana. Kundi la ukoo kwenye simu linaonyesha tuko wangapi, na mmoja akitoka sote tunajua dakika hiyo hiyo. Wanangu mimi ni wawili, wako miji ya mbali, na Krismasi tunaonana kwenye kioo kidogo, kila mtu kisanduku chake. Githeri hutoka kwenye mkebe. Hakuna mtu anayeachwa nje ya hesabu, na hakuna anayelia kwa ajili hiyo. Lakini mimi nilijazwa na kiganja kila jioni ya utoto wangu, na sijui watoto hawa watajazwa na nini.

Juzi Shiru aliwaleta wanawe kumwona Baba. Jioni alisimama mlangoni kuwahesabu kabla hawajaingia garini. Alisema moja, akasema mbili, kisha akanyamaza, akamwekea mkono kichwani yule mdogo. Hakujua kwamba ninamwona. Ni watatu tu, tisa iko mbali. Mtoto alisimama akatulia chini ya ule mkono, amefumba macho, na ukungu ulikuwa umeanza kushuka.