Bi Eulalie na Jumatatu ya Mbio

Kila mwaka, wiki mbili kabla ya Pasaka, malori ya halmashauri ya mji wa Pau yalipanda mtaa wa Bi Eulalie Camdeborde yakiwa yamesheheni marobota ya nyasi kavu, na kila mwaka Bi Eulalie alitoka mlangoni, pasi mkononi, kuwauliza wapakuzi kama mama zao wanajua walipo. Marobota yalipangwa mbele ya nyumba yake hadi usawa wa dirisha, maana nyumba ilikaa hapohapo kwenye kona, na dereva aliyeikosea kona hiyo ilibidi aangukie nyasi badala ya kuangukia jikoni. Yeye hakuona kama amefanyiwa hisani. Alikuwa na miaka sitini na minne, arobaini kati ya hiyo ameimaliza akipiga pasi vitambaa vya meza vya mahoteli na kanzu nyeupe za mapadri, na hakuna kitu kinachoharibu nguo yenye wanga kama moshi wa magari ya mbio.

"Siku tatu!" alikuwa akisema. "Siku tatu nguo za kanisa zinanuka kama kibatari! Na kelele! Mtu hawezi hata kusikia maji yakichemka nyumbani kwake!"

Alishuka mjini kutoka milimani akiwa bibi arusi wa miaka ishirini na miwili, mke wa Anselme, fundi miavuli, mtu mpole ambaye ukimkanyaga anakuomba radhi yeye. Barabara wakati huo ilikuwa ya ng'ombe na mikokoteni ya kuni. Kisha wakaja watu wenye kofia za ngozi, wakaipenda kona yake, wakaifanya uwanja wa mbio za magari. Vita vilipokuja mbio zikakoma, na Bi Eulalie, Mungu amsamehe, alisema hakuna balaa lisilo na nafuu. Vita vikaisha, mbio zikarudi na kelele maradufu.

Lakini aliyemkera kuliko magari yote alikuwa Gratien Lahourcade, fundi bomba wa nyumba ya upande wa kulia. Mwaka mzima Gratien alikuwa mtu wa kawaida, mwenye mikono ya grisi na maneno machache. Ikifika Pasaka alivaa utepe mwekundu mkononi, akashika bendera ya manjano ya kuwaonya madereva na kusimama kwenye kona kana kwamba ndiye aliyeijenga. Kona hiyo waliiita Kituo cha Sita. Mwaka mmoja, kwa ajili ya usalama, alipigilia ubao kwenye mlango wa Bi Eulalie, na Bi Eulalie yumo ndani, amevaa kofia yake ya Jumapili, na kengele ya misa inalia. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Ikapita miaka sita.

Yaani hawakusemezana moja kwa moja. Mazungumzo yote yalipitia kwa Anselme, hata wakiwa wamesimama hatua tatu tu baina yao.

"Anselme, mwambie huyo jirani yako atoe robota lake kwenye ua wangu."

"Gratien, mke wangu anasema..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie ni robota la halmashauri."

"Eulalie, anasema..."

"Mwambie halmashauri ije ilale nalo!"

Anselme aliupokea mzigo huo wa maneno kutoka kila upande, akaupunguza makali kidogo njiani, na kurudi kwenye miavuli yake.

Alfajiri ya Jumamosi Kuu, Anselme alifariki. Ijumaa alikula samaki wake wa chumvi, akasema kifua kinambana, akalala. Bi Eulalie alipomwamsha hakuamka. Alimfumba macho, akamfunga taya kwa kitambaa safi, akasimama katikati ya chumba bila kujua mikono yake aiweke wapi. Kisha akajua pa kwenda, na akakasirika kwa kujua.

Kwetu mtu hachagui jirani wa kwanza. Ni nyumba iliyo kulia kwa mlango wako, basi. Mkipendana, mkichukiana, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa kifo, yeye huzunguka nyumba kwa nyumba kukitangaza, na siku ya mazishi yeye hutangulia na msalaba. Huwezi kumruka ukaenda kwa mwingine. Ukimruka, umemtukana maiti wako.

Basi Bi Eulalie akatoka, akapita kati ya marobota, akagonga mlango aliokuwa hajaugonga kwa miaka sita. Gratien alifungua akiwa na povu la sabuni shavuni.

"Anselme," alisema Bi Eulalie, na mengine hayakutoka.

Gratien alifuta povu kwa kiganja, akachukua kofia yake. "Rudi ukae naye," alisema. "Mengine ni yangu."

Mengine yalikuwa mengi. Jumamosi Kuu hakuna misa ya wafu, na Jumapili ya Pasaka hakuna mazishi. Padri alisema Jumatatu, saa nne asubuhi. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya mbio. Saa nne magari madogo yangekuwa yanajaribiwa, saa nane mashindano yenyewe yaanze, na barabara ingefungwa tangu saa moja.

Jumapili mchana akaja karani wa mbio, kijana mwenye nywele za mafuta na karatasi mkononi. Alitoa pole haraka haraka, akaeleza kwamba mpango umepatikana.

"Tutamtoa Bwana Camdeborde kwa uani, mama, kisha tutampitisha kwenye daraja la mbao la watazamaji, juu ya barabara."

"Daraja lipi? Lile lenye ngazi ishirini na saba?"

"Wanaume wanne wenye nguvu wataweza."

"Kama kabati?"

"Mama, kwa hali ilivyo..."

"Nisikilize, mwanangu. Nyumba hii ina mlango wa mbele. Nimeingia kwa mlango huo nikiwa bibi arusi, na njia niliyojia ndiyo njia ya nyumba hii. Mume wangu atatoka kwa mlango huo miguu ikitangulia, atashuka barabara hiyo hadi kanisani. Uani wanapita paka. Amenivumilia miaka arobaini na miwili, hatapita njia ya paka!"

"Barabara imefungwa kwa amri, mama."

"Basi ifungue kwa amri!"

Karani alimgeukia Gratien, aliyekuwa amekaa pembeni akilinda mshumaa, kama ilivyompasa. "Bwana Lahourcade, tusaidie. Wewe ni mkuu wa kituo. Umesubiri miaka kumi na tisa upewe ukuu huo. Kesho ndiyo siku yako ya kwanza. Mweleweshe huyu mama."

Bi Eulalie alimtazama Gratien. Hapakuwa na Anselme wa kupitishia maneno. Alikuwa amelala kati yao na tasbihi vidoleni.

"Mimi ni jirani wa kwanza," alisema Gratien. "Kesho msalaba naubeba mimi."

"Ukiacha kituo, utepe utaurudisha."

"Nani kasema naacha kituo?"

Karani aliondoka bila kuelewa, na Bi Eulalie naye hakuelewa. Usiku kucha alijiandaa kwa vita. Aliamua kwamba wakimzuia atakaa juu ya marobota, na atakayemgusa atajua mkono uliobeba pasi ya chuma miaka arobaini una uzito gani.

Jumatatu, saa nne kasoro dakika tano, Gratien aliinua simu ya waya ya Kituo cha Sita. Alikuwa amevaa suti nyeusi, na utepe mwekundu juu yake.

"Kituo cha Sita. Barabara si salama. Magari yasije."

Sauti ya simuni ilisikika hadi mlangoni. "Kuna nini?"

"Kuna kitu barabarani."

"Kitu gani?"

"Maiti."

"Mungu wangu! Ajali?"

"Hapana. Ya kawaida."

"Lahourcade, umelewa? Itachukua muda gani?"

"Mwendo wa miguu," alisema Gratien, na kukata simu. Kanuni alikuwa akiijua kwa moyo: kituo kikisema barabara si salama, hakuna gari linaloondoka hadi kituo hichohicho kiseme vinginevyo. Akaiegemeza bendera ukutani, akachukua msalaba. Majirani wanne waliburuta marobota pembeni, wakambeba Anselme, wakatoka kwa mlango wa mbele, miguu ikitangulia.

Wakashuka katikati ya lami nyeupe kwa jua. Watu walikuwa juu ya kuta, madirishani, kwenye miti ya bustani, maelfu, na wote wakavua kofia. Bi Eulalie alitembea nyuma ya jeneza akiwa amekunja uso, akitafuta wa kumgombeza, na hakumpata. Hilo nalo lilimuudhi.

Walirudi saa saba na nusu, yeye na Gratien, kwa barabara ileile. Pale chini magari ya mbio yalikwisha pangwa safu safu, madereva wamekaa ndani. Karani alikuja mbio, jasho likimtiririka.

"Lahourcade, utepe nitauchukua jioni. Jioni tu, kwa sababu hakuna mwingine anayeijua kona hii. Sasa fungua barabara!"

"Mama hajaingia ndani bado."

Bi Eulalie akaingia, akafunga mlango kwa kishindo ili amri yao itimie. Akakaa. Akangoja kelele zianze, azilaani. Hazikuanza. Saa nane ikagonga kanisani. Kimya. Kwenye meza ya Anselme kulikuwa na mwavuli mmoja mbavu nje, haujavikwa kitambaa. Alisikia mbao za sakafu zikilia zenyewe. Alisikia pumzi yake. Zikapita dakika tano, zikapita kumi, na kimya kile kikamwingia hadi kwenye mifupa, kwa maana alikitambua. Hakikuwa cha siku ya leo tu, kilikuwa cha siku zote zilizobaki.

Akafungua dirisha kwa nguvu.

"Mnangoja nini? Miaka ishirini mmenipasua masikio, na leo, leo hii, ndiyo siku mliyochagua kunyamaza?"

Gratien alikuwa amesimama kwenye kona, bendera imeshuka, macho yake juu ya paa. Simu ililia mgongoni mwake, hakuigusa.

"Tunangoja moshi, Bi Eulalie."

"Moshi upi?"

"Wa dohani yako. Jirani wa kwanza haondoki kabla moto haujawashwa nyumba ya msiba. Unajua wewe. Kabla ya hapo siwezi kusema barabara ni salama."

"Niwashe moto wa nini?" Sauti yake ilipasuka. "Nimpikie nani, Gratien? Nimpikie nani?"

Watu wa kwenye ukuta walitazama pembeni. Gratien alivua kofia yake, akaivaa tena.

"Supu ya kabichi," alisema taratibu. "Weka na ya kwangu. Nitakuja kuila nikimaliza hapa."

"Mjinga mkubwa wewe," alisema Bi Eulalie, na kufunga dirisha.

Akapiga magoti mbele ya jiko, akavunja vijiti, akawasha kiberiti, kikazimika, akawasha kingine, huku akiwatukana mafundi bomba wote wa dunia. Moto ukashika. Moshi ukapanda. Nje alisikia mkwaruzo wa simu na sauti ya Gratien ikisema, "Kituo cha Sita. Salama."

Magari yakaja. Yalipanda mtaa yote kwa pamoja, vioo vikatetemeka, sufuria zikacheza ukutani, sakafu ikanguruma chini ya magoti yake. Bi Eulalie akaifunika midomo yake kwa aproni kwa mazoea, asisikike, kisha akaiondoa. Akalia kwa sauti yake yote, kama wanavyolia wanawake wa milimani, akimwita mumewe kwa jina. Hakuna aliyemsikia, na gari la mwisho lilipopita la kwanza lilikuwa limekwisha zunguka mji na kurudi.