Macho Makavu

Mtaani kwetu Kariakoo kila mtoto alikuwa hasikii. Aliyerusha jiwe kwenye bati la jirani hasikii, aliyechezea maji ya koki hasikii, aliyetumwa chumvi mchana akarudi magharibi hasikii. Kwa hiyo mdogo wangu alipougua homa kali, akapona, kisha akawa anaitwa haitiki, hakuna aliyeshtuka. Shangazi alisema tu, "Huyu naye ameshaanza kutosikia." Ilimchukua mama muda mrefu kugundua kwamba safari hii neno lile lilisema kweli tupu. Siku moja aligonga sufuria nyuma ya kichwa cha mtoto, naye mtoto akaendelea kupanga vifuniko vyake vya soda.

Baba alikuwa dereva wa malori ya barabara ya Zambia, tukimwona kwa nadra. Mama alifanya kazi za zamu kiwanda cha nguo. Aliyeshinda na sisi ni shangazi, dada yake baba, aliyekuja kutoka Masasi na sanduku la bati pamoja na msimamo wake juu ya malezi. Sitaki kumsema vibaya. Alitupenda, na siku ambazo madukani hakukuwa na kitu alitupikia mihogo ya nazi, yeye akala makombo. Lakini alikuwa na kipimo kimoja tu cha mtoto, nacho ni macho. Mtoto akigombezwa ainamishe macho. Akiinamisha ana haya, na mwenye haya anafundishika. Asipoinamisha ana macho makavu, na dawa ya macho makavu ni mwiko wa ugali.

Siku ya sukari ndiyo iliyoanzisha yote. Sukari wakati ule ilikuwa ya foleni. Watu walipanga mawe na vikapu mbele ya duka la ushirika tangu alfajiri, na jiwe la mtu liliheshimiwa kama mwenyewe amesimama. Shangazi alirudi miguu imevimba, mkononi ana kilo moja. Mdogo wangu akapanda kigoda ili aonje, mkebe ukamponyoka, sukari ikamwagika uani palepale penye maji ya kufulia.

Shangazi alipiga kelele zilizowatoa wapangaji wote vyumbani. Mdogo wangu akamkazia macho mdomoni, hata kope hapepesi.

"Mwoneni jamani!" shangazi akawaambia wapangaji. "Amenimwagia sukari na bado ananikodolea! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

Akampiga mwiko mgongoni. Kadiri alivyopigwa ndivyo alivyozidi kumtazama mdomo, machozi yanamtiririka, macho hayabanduki.

Mimi nilijua anafanya nini. Alikuwa anasikiliza. Tangu ile homa masikio yake yalikuwa yamehamia machoni, na alitaka kujua anaambiwa nini ili apate kulikubali. Nilijua, na sikusema. Nani katika nyumba ile angekaa kumsikiliza msichana wa miaka kumi akimfundisha shangazi yake malezi? Nikaona njia nyepesi ni kumfundisha yeye mtoto.

Tulifanya mazoezi chumbani, mlango tumeurudishia. Nilijitanda kanga ya shangazi, nikashika mwiko, nikakunja uso. Akinitazama, nilimwekea vidole viwili kisogoni nikamkandamiza kichwa taratibu mpaka aone vidole vya miguu yake. Akiinama mwenyewe, nilimmegea kashata. Mwanzoni alidhani ni mchezo, akacheka mpaka akapaliwa. Baadaye hakucheka. Tulikuwa na ishara zetu za nyumbani: kulamba kidole ni sukari, kuvuta kanga usoni ni shangazi, mama ni mkono unaozungusha uzi. Sasa tukapata nyingine. Vidole viwili kisogoni maana yake nimekosa.

Dawa ilifanya kazi. Uso wowote uliokunjamana mbele yake, wa shangazi, wa mwenye nyumba, hata wa muuza maji aliyekuwa anaumwa jino tu, yeye aliinama. Shikamoo yake ilitoka "sh'moo", na kabla ya kuiona marahaba kwenye mdomo wa mtu kichwa kilikuwa kimeshakwenda chini. Mwiko ukapumzika.

"Sasa amepata haya," shangazi akasema, na mimi nikavimba kichwa wiki nzima.

Haukupita muda mrefu, balozi wa nyumba kumi akapita akitangaza kwamba watoto wasiosikia wapelekwe ofisi ya tawi. Kuna shule yao, nafasi ni chache, na mwalimu atakuja kuwaona. Mama akabadilishana zamu na mwenzake, akamvalisha mdogo wangu shati la Idi, akanichukua na mimi kwa kuwa ndiye niliyejua ishara zake vizuri. Njiani alinibana mkono.

"Huyu akipata shule, mwanangu, hata nikifa leo sitaogopa," akaniambia.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, mpole wa sauti. Alituonyesha kikombe cheupe.

"Msishtuke, mama," alisema. "Hiki kilishavunjika zamani, mkono wake nimeubandika kwa gundi tu. Kitamponyoka. Nataka kuona uso wake kikimponyoka. Hawa watoto watu husema hawajui aibu wala kosa, na mimi napenda kujionea mwenyewe."

Akakijaza maji, akampa mdogo wangu, akamwonyesha kwa kidole akipeleke kwenye meza ya pili. Hakufika. Mkono wa kikombe ukabaki kidoleni mwake, kikombe kikapasuka sakafuni, maji yakamrukia miguuni. Mwalimu akatoa macho kama mtu aliyeshtuka.

Mdogo wangu akaona ule uso, akainamisha kichwa.

Mwalimu akangoja. Akamgusa bega, kichwa kikazidi kushuka. Akapiga magoti ili uso wake uwe chini ya uso wa mtoto, mtoto akafumba macho kabisa, kidevu kimegota kifuani. Akamwonyesha tabasamu, akamwonyesha peremende, akapunga mikono. Vyote vilimwangukia mtoto aliyefumba macho. Na mimi nimesimama ukutani, Mungu anisamehe, naona fahari. Nilikuwa najisemea moyoni, vizuri, hivyohivyo, usiinue.

"Ana adabu sana, mwalimu," mama akasema.

Mwalimu akainuka, akajipangusa magoti. "Mama, sisi tunafundisha kwa uso na kwa mikono. Angelia, angekimbia, angeniletea vipande, vyote ningepokea, mradi anitazame. Huyu amejifunga. Ana lililompata?"

"Hana, mwalimu. Ndivyo alivyo."

"Basi mrudishe mwakani tumwone tena. Watoto ni wengi."

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema: Mwalimu, mimi ndiye niliyemwinamisha. Ilikuwa mdomoni, nausikia hata uzito wake. Lakini nilimwona mama alivyofinyanga ncha ya kanga yake, nikaogopa uso ambao angenigeuzia. Nikainamisha macho yangu.

Njiani mama alilia hadharani, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mdogo wangu alimtazama, kisha akajiwekea vidole viwili kisogoni akatembea navyo hivyo mpaka nyumbani. Nikadhani ni mazoea.

Mwakani ilipofika, nafasi zilikuwa zimejaa. Mwaka uliofuata baba akapata ajali na fedha ya kuhangaika haikuwepo, halafu wakasema mtoto amekuwa mkubwa mno kwa darasa la kwanza. Mama aliishi akiamini kwamba ile homa ilimharibu mwanawe akili, na kwamba kosa ni lake, alichelewa kumpeleka hospitali. Nimemsikia akimwambia Mungu hivyo juu ya msala, mara nyingi, nami nikiwa chumba hichohicho nakunja nguo. Sikuwahi kumsahihisha. Tumemzika mwaka jana na imani yake hiyo.

Mdogo wangu sasa ni fundi viatu Mchikichini, kwenye mitumba. Hajui kusoma. Ni kazi iliyomfaa, watu watasema, maana macho yake yapo chini siku zote, na wateja anawajua kwa viatu vyao. Mmoja aliwahi kunilalamikia kwamba kaka yangu ana dharau, hamtazami mtu usoni. Nilimjibu vibaya sana yule mtu wa watu.

Baada ya arobaini ya mama nilikwenda kibandani kwake. Niliketi kwenye kigoda cha wateja, nikaanza kusema. Nilisema yote, kashata, mazoezi, mwalimu, sentensi niliyoimeza, nikiangalia soli aliyokuwa akiishona. Nilipomaliza ndipo nilipokumbuka kwamba nimeiambia soli. Yeye hakuwa amepata hata neno.

Nikamgusa goti. Akainua macho. Nikavuta ishara zetu za zamani: mizunguko miwili machoni, yule mwenye miwani. Nikaonyesha kikombe. Kabla sijaendelea, uso wake ukabadilika. Akaacha sindano. Akajigonga kifua kwa kidole, mimi. Akafanya kikombe kinachoanguka. Akazungusha uzi, mama, akachora machozi kwenye mashavu yake. Kisha mwanaume yule mwenye mvi akajiwekea vidole viwili kisogoni, akainama.

Maisha yake yote ameamini kwamba alivunja kikombe cha mwalimu, ndiyo maana mama alilia na yeye akakosa shule. Sisi wengine wote tuliambiwa kuhusu gundi. Yeye hakuambiwa na mtu, na mtu wa kumwambia nilikuwa mimi.

Nilimshika kidevu, nikamwinua uso. Alikataa, shingo yake bado ina nguvu ya mafunzo yangu. Nikangoja mpaka akanitazama mdomoni, macho makavu, yaleyale ya siku ya sukari, nikamwambia polepole:

"Kilikuwa kimeshavunjika."

Akatikisa kichwa, hajanielewa. Nikaanza tena.