Liner ya bwawa la marehemu mke wangu ilivimba, ukoo ukataka mbuzi

Wakuu, salamu kutoka Dadamu, nje kidogo ya Arua. Sikusoma sana, ila hili nililiona mwenyewe na siongezi chumvi.

Marehemu mke wangu, Ayikoru, aliacha bwawa dogo la samaki bustanini, limetandikwa liner nyeusi, yaani plastiki nzito ya kuzuia maji yasipotee ardhini. Kila asubuhi nilikuwa nalisha samaki wake, kisha nafagia kaburi lake, hapo hapo uani.

Mvua zikiwa zimechachamaa, ukoo ulikuja kumaliza matanga. Wageni wengi, mboga maharage tu.

Baba mdogo Candia akaona samaki.

"Mutoto, marehemu alikuwa mukarimu. Atakatalia sisi?"

Wakakausha bwawa, wakala samaki wote. Walikuwa watamu, siwezi kudanganya.

Asubuhi liner ilikuwa imeinuka katikati kama tumbo la mjamzito. Ukiibonyeza, inatikisika.

Wale wale walaji wakaitisha kikao. Uamuzi: marehemu iko na hasira, anataka mbuzi, na bwawa lifukiwe kabla ya jioni.

Mbuzi wa marehemu, lakini sahani ni zao.

"Shangazi," nikamwambia mmoja wao aliyekuwa akinoa kisu, "Ayikoru hakuwahi kula mbuzi."

"Sasa amejifunza," akajibu, akaendelea kunoa kisu.

Nikachukua jembe.

Wakuu, nyumba iko juu, bwawa liko chini. Maji ya bati na ya barabara yalikuwa yanazama ardhini pale pale. Uzito wa maji ya bwawa ndio uliokuwa unaikandamiza liner. Walipoyatoa, maji ya chini yakaisukuma juu.

Upande wa juu nikachimba mtaro wa kupeleka maji kwenye migomba. Upande wa mteremko nikachimba mfereji wenye kina kupita sakafu ya bwawa, nikaujaza kokoto, maji yakatokea bondeni.

Liner ikaanza kushuka polepole. Ilipolala kabisa, mbuzi alikuwa ameshaiva.

Candia akanipiga bega. "Umeona? Amekubali!"

Uongo sisemi, kwa hiyo nikaenda kuosha jembe. Makoleo ya kufukia yakarudishwa stoo. Nikajaza maji bwawani, nikakaa kando yake hadi walipoondoka.

Funzo: bwawa la liner usilikaushe wakati wa mvua. Ongoza kwanza maji yanayotoka juu, na ya chini uyape njia ya kutokea.

Mwenye kujua zaidi anikosoe. Na vifaranga vya kambale vinapatikana wapi, Koboko au karibu zaidi?

Ukoo umetuma salamu: Krismasi watarudi kuangalia kama marehemu bado ametulia.