Nampeleka mama watoto kwa dada yake kwa mtumbwi mto Ruhuhu, kiti nimekiacha nyumbani

Wakuu, habari za humu. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa.

Hii si chai. Asiyeamini apande Mbinga nimwoneshe kiti chenyewe, mguu mmoja hakina.

Mimi shule niliishia la nne. Kahawa ndiyo imenijengea na kusomesha watoto. Kwa hiyo nikipanga jambo napanga mwenyewe, sishauriwi ovyo.

Mke wangu, Mama Festo, ni Mnyasa wa Lituhi. Nilimpandisha huku milimani Umatengo akiwa binti. Siku hizi magoti yamemkamata.

Dada yake aliyemlea anaishi juu kidogo ya Lituhi, kando ya mto Ruhuhu, naye hali yake si nzuri. Mama Festo akaniomba kitu kimoja: afike kwake kwa mtumbwi, kama walivyokuwa wakitembeleana usichana wao, kabla mmoja hajatangulia.

Nikasema hilo dogo. Kahawa ikiuzwa tu, tunaondoka.

Juzi tukashuka Lituhi kupanga safari. Kaka yake, shemeji yangu Kondrad, ana mtumbwi wa gogo. Kiangazi mto ule ni mpole, mchanga mtupu, sehemu nyingi maji ya goti. Mamba wapo, ila wanakaa kwenye vina, na Kondrad anavijua vyote.

Sasa mimi nilibeba kiti.

Msicheke. Mkwe haingii ukweni kakaa chini kama gunia la mahindi. Kondrad akasema mtumbwi haukaliwi hivyo. Nikamjibu mimi nachimba ngoro, mashimo yetu ya kulimia, kwenye mteremko ambao yeye hata kusimama hawezi, atanifundisha kukaa?

Tukajaribu pale pale mtoni. Nikakaa. Mtumbwi ukanitema kabla hajashika kafi. Kiti kikavunjika, kofia ikaelea, mimi nimekaa mchangani maji ya kiuno.

Mama Festo alicheka mpaka akajishika mbavu. Sijasikia kicheko kile tangu magoti yaanze.

Kondrad yeye hakucheka. Akasema, "Shemeji, kiti si shida. Shida mchanga. Kiangazi tunakwama kila kona, watu wanashuka wanavuta. Dada huyu hawezi kushuka."

Akashauri tungoje mvua. Lakini mvua zikija mto unakuwa mkali, na dada mtu hatujui kama atangoja.

Mama Festo akaanza kukunja khanga yake taratibu, kama mtu anayerudi nyumbani.

Wakuu, hapo pakaniuma.

Nikasema, "Yeye hashuki. Atakaa, nitavuta mimi."

Kondrad akaniangalia. "Utafika ukweni umelowa, suruali umekunja?"

"Nitafika."

Mama Festo akaiokota kofia yangu, akaikamua. "Basi hii nitakushikia mimi, Baba Festo."

Plani ndiyo hiyo. Kahawa iko kwenye kuanika. Dada mtu kapigiwa simu, hakuuliza tunakuja lini, kauliza tunakuja na njia gani. Aliposikia ni mtoni, kaagiza wajukuu wafagie gati lao la zamani.

Nilichojifunza: mkwe anaheshimiwa kwa alichomletea mtu, si kwa alichokalia.

Waliowahi kuvuta mtumbwi mchangani semeni, mguuni mnavaa nini? Wajuaji wa kwenye kochi piteni kimya, mimi tayari nimeshalowa.